Kura ya Ng'ambo

Jumanne saa nne asubuhi, Kola alikuwa akigeuza ukosi wa shati la hamsini na nne la siku ile, ukucha wa kidole chake kidogo cha kushoto ulipogeuka zambarau. Aliusugua kwa kipande cha kitambaa. Haukutoka. Jirani yake, mshona vifungo, naye alikuwa akisugua wake, na hivyo hivyo mstari mzima wa cherehani hadi ukutani. Msimamizi akadhani nguo zinachuja rangi. Akakagua mashati, akayakuta meupe pe, akawaambia warudi kazini.

Jina la Kola alipewa hapo hapo kiwandani, kwa kuwa miaka tisa mizima hakuwahi kushona sehemu nyingine ya shati.

Redio ya mchana ilieleza kila kitu. Nchi rafiki ya ng'ambo, ile inayonunua mashati yote ya kiwanda, ilikuwa ikipiga kura siku hiyo. Na Mkataba wa Urafiki na Biashara, uliotiwa saini mwezi uliopita, ulisema katika kifungu cha saba kwamba nchi hizi mbili zitashirikiana katika bidhaa na katika demokrasia. Waziri alipoweka kalamu chini alisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi watu wa kiwandani wakaelewa kwamba wameshirikishwa.

"Nimempigia nani sasa?" Kola alimuuliza mumewe alipofika nyumbani.

Mumewe alikuwa kinyozi. Aliushika ukucha, akautazama kwa utulivu kama anavyotazama kichwa cha mteja, akasema bila shaka alimpigia aliyefaa.

Jibu hilo halikumtuliza. Kuna mambo aliyoyakumbuka: foleni fupi, sakafu iliyong'arishwa, penseli iliyofungwa kwa uzi mezani. Jina hakulikumbuka, na lilimkera kama punje iliyokwama jinoni. Ukucha ulikua, na rangi ikakua nao.

Miezi mitatu baadaye uchaguzi wa nyumbani ukafika, na dada yake Kola akagombea udiwani. Zamani naye alikuwa kiwandani, kwenye pasi. Aliuliza kwa nini mlango wa nyuma unafungwa kwa kufuli kwa nje hali watu wako ndani. Mara ya kwanza alionywa, ya pili akafukuzwa. Sasa alipita nyumba kwa nyumba na ahadi moja tu, kwamba kufuli lile litatoka. Mpinzani wake, binamu wa mwenye kiwanda, aliahidi mambo mengi zaidi. Lakini wafanyakazi walikuwa mia tatu na arobaini, wote wa kata hiyo, na wote walimwahidi dada kura zao. Hakuna aliyekuwa akimdanganya.

Kola alifika kituoni mapema, amevaa viatu vyake vya kutokea. Mezani alimkuta mwalimu mstaafu aliyemfundisha hesabu darasa la nne, ndiye karani wa kituo. Alimwamkia, akampa kadi. Mwalimu hakuitazama kadi, alitazama kidole.

"Wewe umeshapiga, mwanangu."

"Bado, Mwalimu. Ndiyo kwanza nafika."

"Na wino huu?"

"Huo wa ng'ambo."

Mwalimu alivaa miwani, akafungua mwongozo, akausoma mara mbili kwa sauti. Mwongozo ulisema mwenye wino asipewe karatasi. Haukusema wino wa wapi.

"Mtu mmoja, kura moja," alisema, na ilionekana wazi kwamba inamuuma. "Nikikupa ya pili, nimeiba."

Kola hakujua ashike lipi, aache lipi. Alijua kwamba hajapiga, na alijua vilevile kwamba amepiga. Akasogea pembeni. Nyuma yake mshona vifungo akarudishwa, na aliyemfuata, na wote waliobaki wa kiwandani, pasipo makelele. Waangalizi waliotoka nchi rafiki waliandika kwamba foleni ilikwenda haraka sana.

Dada alishindwa kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Kola alimkuta jikoni akimenya viazi.

"Hukunipigia," dada alisema.

"Nilimpigia mwingine, dada. Hata simjui."

Dada alimenya kiazi kile mpaka mwisho, kisha akamwambia avue viatu, akae, wale.

Mwezi uliofuata barua ikaja kutoka ng'ambo. Iliandikwa na diwani wa mji mdogo ambao Kola hakuwahi kuusikia. Diwani alikuwa ameshinda kwa kura moja, akafuatilia, akagundua ni ya Kola. Alimshukuru. Paa la maktaba, kama alivyoahidi, limeshatengenezwa. Akiwa na shida yoyote asisite kumwandikia. Kinyozi aliwasomea barua hiyo wateja wake wote. Kola alifurahi, kisha akajichukia kwa kufurahi, kisha akawaza lile paa lilikuwa likivuja tangu lini.

Akaipeleka kwa dada. Wakaandika pamoja kuhusu mlango, dada akisema, yeye akishika kalamu.

Majibu yalichukua wiki tatu, nayo yalikuwa marefu na ya heshima. Habari za mlango zilimgusa diwani sana. Alizipeleka barazani, zikajadiliwa kwa saa mbili, watu wa mji wakaja kusikiliza, mmoja wao akalia. Mwishowe walipiga kura na hakuna aliyepinga: mlango ule unapaswa kuwa wazi. Bahati mbaya tu, mlango wenyewe hauko katika kata yake.

Asubuhi iliyofuata kengele ililia, wakaingia, wakasikia kufuli likibanwa kwa nje. Kola alivuta kiti, akatia uzi kwenye sindano. Mshona vifungo akamuuliza diwani wake amejibu nini.

"Amekubali," Kola alisema. "Wote wamekubali."

Mshona vifungo aliitikia kwa kichwa, akasema huyo ni diwani mzuri, na akamwomba ampitishie mkasi.