Waliopalilia Shamba la Eufrasia

Eufrasia alikaa wiki sita Nyahanga, mjini Kahama, akimuuguza binti yake Hosiana aliyejifungua kwa kupasuliwa. Njia nzima ya kurudi kijijini, upande wa Bulyanhulu, alikuwa akililia shamba lake kimoyomoyo. Mvua ilinyesha bila kupumzika, na mahindi aliyoyaacha yakiwa mafupi lazima yalikuwa yameshamezwa na majani. Shamba hilo ndilo pekee alilobaki nalo.

Alipofika alikuta limepaliliwa lote, kona hadi kona. Matuta yalikuwa yameinuliwa upya, mahindi yamemfika kifuani, karanga zimetoa maua ya njano. Mtu mwingine angepiga magoti akashukuru. Eufrasia alishika kiuno akasema, "Wameshaniingia."

Usimcheke bado. Miaka minne nyuma kaka yake, Mayala, alipata rafiki wa ghafla, mtu mpole aliyeleta sukari na kusaidia kulima viazi. Kumbe rafiki alikuwa akinusa dhahabu. Kabla mwaka haujaisha shamba la Mayala lilikuwa limejaa maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji, na Mayala mwenyewe akaishia kupanga chumba mjini. Tangu hapo Eufrasia hakumwamini hata mtu aliyemsalimia mara mbili kwa siku. Mbwa wake alimpa jina Mtawajua, makusudi, ili majirani wasikie kila anapomwita.

Siku hiyo Mtawajua hakuja. Eufrasia alimwita mpaka koo likakauka. Wamemuua, aliwaza, mbwa alikuwa akiwazuia. Halafu kwenye pembe ya shamba, karibu na ua wa minyaa, akaona udongo uliochimbwa na kufukiwa, bado mbichi. Wamechimba, wamepima, wamefukia nisijue!

Alikwenda mbio kwa mzee Magesa, mchimbaji aliyeacha kazi kwa sababu ya mgongo, lakini ambaye bado aliweza kuosha udongo kwenye karai na kukuambia kama una dhahabu.

"Lakini Mama Hosiana," Magesa alisema walipofika shambani, "anayetafuta dhahabu hapalilii mahindi. Anayafyeka."

"Huyu ni mjanja zaidi."

"Amepalilia ekari mbili kwa ujanja tu?"

Eufrasia alimsukumia jembe. "Chimba, mzee."

Baada ya majembe machache harufu iliwapiga, kisha kikatokea kitenge cha njano kilichofungwa vizuri. Magesa akafunua pembe. Ndani mlikuwa na manyoya ya kahawia, na utepe mweusi ambao Eufrasia mwenyewe alimfunga Mtawajua shingoni.

Magesa alivua kofia, akaona haya kumvulia mbwa kofia, akaivaa tena. "Nani anazika mbwa?" aliuliza. "Sisi mbwa akifa tunamvuta tu hadi porini."

Eufrasia alilia, na hakuelewa analia nini hasa. Kitenge alikifahamu. Karibu na pindo kilikuwa na alama ya kuunguzwa na pasi, alama aliyoicheka kwa sauti siku ya Pasaka, nje ya kanisa, mwenyewe akisikia. Mwenyewe ni Mbuke, jirani ambaye Eufrasia aliwahi kumsingizia wizi wa kuku mbele ya watu. Kuku alirudi kesho yake, na Eufrasia hakuomba radhi. Sasa mtu uliyemtendea hivyo anakupaliliaje? Alilipindua jambo hilo huku na huku akitafuta mtego uko wapi. Hakuuona, na kutouona kukamtisha.

Alimkuta Mbuke uani akichambua choroko.

"Aligongwa na pikipiki wiki iliyopita," Mbuke alisema bila kuinuka. "Nilijua ungemtafuta."

"Na shamba?"

"Tulikuwa wanane. Siku tatu."

Kwa desturi yao, watu wakikulimia hula kwako, hata kama una uji tu. Hawa wanane hawakudai hata uji.

"Mbona hamkuniambia? Hata kwa simu?"

"Ungeuliza tunataka nini."

Na kweli, swali hilo lilikuwa tayari limeshakaa kwenye ulimi. Eufrasia alilimeza kwa shida.

"Yule kuku," alisema, "nilikusingizia."

"Najua. Nilikuwepo."

"Jumamosi njooni kwangu. Wote wanane. Nitapika."

Mbuke aliacha kuchambua. Alimtazama kwa muda mrefu, amefinya macho, vilevile Eufrasia alivyowatazama watu kwa miaka minne.

"Unataka nini, Mama Hosiana?"

Eufrasia alichutama, akaanza naye kuchambua.

"Sijui," alisema. "Njooni tu mle."