Panya Wanaosikia Baridi

Kwa miaka mitatu binti alikuwa akichunguza protini moja inayohusiana na homoni ya tezi ya shingoni. Alikuwa na makundi mawili ya panya weupe: wa kawaida, na walioondolewa jeni inayotengeneza protini hiyo. Alitarajia tofauti kubwa. Wapi! Walikula, walizaana, na vipimo vya damu vilionyesha homoni ya tezi iko sawa kabisa. Profesa wake alishaanza kumwambia atafute mada nyingine.

Jumamosi moja mama yake alimpitia kazini, amevaa sweta juu ya sweta na nje jua linawaka. Mama alikuwa mgonjwa wa tezi. Alimeza vidonge kila asubuhi, na madaktari walisema damu yake imekaa vizuri. Baridi anayoisikia, walisema, ni umri tu. Binti naye alisema hivyo hivyo.

Akamwonyesha panya wake kupitia dirisha la kioo.

"Hawa wa kushoto wanaumwa?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Hao ndio walioondolewa jeni, na ndiyo shida yangu. Hawana tofauti na wenzao."

"Mwanangu, umesoma mpaka macho yameingia ndani, na hili huoni? Wenzao wamejilalia ovyo. Hawa wamejikunyata, wamejifukia kwenye pamba mpaka puani. Wanasikia baridi hao!"

Binti alicheka, kisha akasogeza uso karibu na kioo.

Jumatatu aliwapima joto, mmoja mmoja. Wasio na protini walikuwa chini kwa nyuzi moja na nusu. Akarudia wiki nzima, jibu lile lile. Miezi ya vipimo vingine ikafuata, ndipo ikajulikana: homoni ilikuwepo kwenye damu, ila haikuingia vya kutosha kwenye misuli. Protini ile ndiyo iliyokuwa mlango wake.

Siku hiyo hakungoja pongezi za profesa. Alikwenda moja kwa moja kwa mama, akamkuta chumbani anakunja nguo.

"Mama, nisamehe. Nilidhani unadeka."

"Kudeka nilideka pia," mama akasema. "Sasa, dawa mmepata?"

"Bado. Hata sijui kama yako ni hiyo hiyo. Lakini kesho tunakwenda kwa daktari, na safari hii naingia na wewe. Huo umri aje aniambie mimi."

Mama alicheka mpaka akakaa kitandani. Akasukuma nguo kando.

"Njoo ukae hapa karibu," akasema. "Wewe una joto."