Damu ya Chuma

Kaka yangu walimwita Chuma. Kwenye kiwanda tulichofua mashuka ya mahoteli na hospitali, yeye ndiye aliyevuta mashuka mabichi kutoka kwenye mashine, mzigo ambao wengine waliushika wawili wawili. Mimi nilisimama upande wa pili, kwenye joto la pasi kubwa, nikikunja. Nchi hii tulikuja pamoja, baada ya kumzika mama. Mama alikufa tumbo limemvimba, macho yamekuwa ya njano, na watu wa nyumbani wakasema ni kijicho cha jirani.

Wauguzi walipokuja kupima homa ya ini, uvumi uliwatangulia: atakayekutwa nayo atarudishwa kwao. Haikuwa kweli, lakini sisi wageni tuliishi kwa habari za namna hiyo. Tena tulikuwa na mazoea ya kushikiana zamu. Mmoja akiumwa, mwenzake huvaa aproni yake na kuitikia jina lake, na msimamizi haulizi maadamu mashuka yanatoka. Basi watu watatu waliokaa chumba kimoja na kaka wakamwendea.

"Chuma, wewe hata mafua huyajui. Nenda katutolee damu na sisi."

"Mnataka kuninyonya kama kupe," akasema, akacheka, akakunja mkono wa shati.

Siku hiyo alitolewa damu mara nne, mkono huu na huu, kila mara na aproni nyingine. Wauguzi walikuwa wakipokezana, na foleni ilikuwa ndefu.

Baadaye simu zikapigwa. Wote wanne waliambiwa wana virusi, warudi kwa vipimo zaidi. Chumba kizima kilicheka.

"Mimi sijatoa hata tone," alisema rafiki yake mkubwa, yule tuliyemwita Mpishi kwa sababu alikuwa akiunguza hata maji, "na bado naumwa. Hiyo mashine yao imelewa."

"Kaka," nikamwambia, "majibu yote manne ni ya damu yako."

Kicheko kikakatika. Akanitazama kama mtoto aliyeropoka mbele ya wageni.

"Mdogo wangu, mgonjwa anabeba mashuka yale?"

Kwenye foleni muuguzi alikuwa ametueleza kwamba ugonjwa huu hukaa mwilini kimya miaka mingi, lakini kitu kilicho kimya utamwonyesha mtu kwa kidole gani? Nilimsihi mpaka akaacha kuja kula kwangu siku za mapumziko. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Lake lilikuwa sikio la mtu mwenye nguvu tu.

Alianza kuyaweka mashuka chini katikati ya njia, apumzike. Kisha suruali zikampwaya, tumbo likajaa. Nilipoyaona macho yake nilijua kabla ya daktari. Uvimbe wa saratani ulikuwa umelimaliza ini. Daktari akasema angekuja mapema, vidonge vingeweza kuuchelewesha, pengine kuuzuia. Akauliza kuhusu mama. Nikamwambia mama hakupimwa. Akaagiza na mimi nitolewe damu, maana siku ile kiwandani foleni haikunifikia. Ninavyo virusi pia, huenda sote wawili tulivipata kwa mama tulipozaliwa.

"Kumbe walinipigia simu mara nne," kaka alisema jioni moja.

Shuka alilolalia hospitalini lilitoka kiwandani kwetu, nililijua kwa alama ya pindoni. Nililinyoosha chini ya miguu yake, nikalinyoosha tena. Hakukuwa na kazi nyingine niliyoweza kumfanyia.

Baada ya maziko Mpishi alikuja, akaketi karibu na mlango.

"Dada, nimeenda kupima. Mimi mwenyewe."

"Wamesemaje?"

"Safi."

Alilitamka neno hilo akitazama sakafu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima kikiwa kimevunjika. Nikamwambia ni vizuri. Kisha nikatoa kidonge changu, maana saa yake ilikuwa imefika, naye akainuka kuniletea maji.