Maharage ya Shemeji

Mpishi mmoja watu walimwita Mama Mwiko, na jamani, mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko huo mwiko wenyewe. Siku za kazi alipika kantini ya shule. Jumapili, baada ya ibada, aliwapikia nduguze nyumbani kwake.

Aliyemkera pale mezani alikuwa mmoja tu: shemeji yake, fundi wa kuchomea mageti, mume wa mdogo wake. Shemeji hakuonja nyama. Siku alipookoka na kuacha pombe, alimwekea Mungu nadhiri ya kuacha na nyama pia, maana kwake chupa na nyama ya kuchoma vilikuwa mapacha.

"Bwana ametuweka huru, shemeji, wewe bado unajifunga kamba!" Mama Mwiko humtania.

"Wewe kula kwa shukrani," naye hujibu, "mimi naacha kwa shukrani."

Jibu hilo lilimchoma. Alilisikia kama mahubiri, kana kwamba sahani yake ina dhambi. Basi Jumapili moja ubishi ukampanda kichwani, maharage ya shemeji akayaunga kwa supu ya mifupa.

Shemeji akala, akaongeza. "Leo umejishinda mwenyewe, shemeji!"

"Umeona?" Mama Mwiko akapiga makofi. "Hiyo ni supu ya mifupa! Mbona radi haijakupiga?"

Alicheka peke yake. Mdogo wake akaweka kijiko chini, akamtazama kama mtu asiyemjua. Shemeji akatoka nje. Wakamsikia bombani akisukutua mdomo, akisukutua tena. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Siogopi radi," alisema polepole. "Nilimwahidi Mungu. Na mifupa hiyo, shemeji, si niliileta mimi?"

Ole wake Mama Mwiko! Kweli tupu. Kila Jumamosi shemeji ndiye aliyepita buchani kumletea mifupa, kwa sababu alijua Mama Mwiko anaipenda. Mtu asiyegusa nyama, ameshika mfuko unaochuruzika damu njia nzima, na wala hakuwahi kumnyooshea kidole. Ni nani basi aliyekuwa akimhubiria mwenzake miaka yote hiyo?

 Wiki ile, kwa mawazo, kantini alitia chumvi mpaka watoto wakauliza kama bahari imehamia sufuriani.

Jumamosi mlango ukagongwa. Shemeji, na mfuko wa mifupa mkononi.

"Bado unaniletea?" Mama Mwiko aliuliza. "Nisamehe. Nimekukosea wewe, nimemkosea na Mungu."

"Nilikusamehe kulekule bombani," alisema, akamkabidhi mfuko.

Kesho yake Mama Mwiko alitoa sufuria mpya, haijawahi kuona nyama. "Shemeji, njoo jikoni uone kwa macho yako ninavyopika."

"Siji. Nikila huku nakuchunguza, hicho si chakula tena."

Wakaketi, wakaomba. Shemeji akachota kijiko cha kwanza, akatia mdomoni, halafu akasita. Kitambo kidogo tu, ulimi ukitafuta ladha ya mifupa. Kisha akameza, akamtabasamia.

Wengine hawakuona. Mama Mwiko aliona. Akainuka, akaenda nje bombani, akafungua maji kwa nguvu wasimsikie akilia.