Rula Kwenye Kioo

"Inakataa tena," alisema meneja, kwa sauti ya mama aliyechoka kuwa mpole. "Fundi, tangu asubuhi unatambaa humu na huo waya. Folda itafunguka au haitafunguka? Wajenzi wananipigia simu mpaka sikio limepata moto."

"Itafunguka, mama," alijibu fundi kutoka chini ya meza.

Alikuwa amesema hivyohivyo alipofika, na alipobadilisha waya, na alipozima kile kisanduku cha mtandao chenye taa za kupepesa na kukiwasha upya. Sasa alijifuta vumbi magotini, akaketi mbele ya kompyuta ya mchoraji mpya, akajaribu tena mbele ya macho ya meneja na wachoraji wote. Kompyuta iliiita ile ya chumba cha pili. Ile ya chumba cha pili ikaitika mara moja, bila kigugumizi. Lakini alipobofya folda ya ramani, yakatoka maneno yaleyale: huna ruhusa. Ni kama mtu anayekuitikia hodi vizuri kabisa, halafu hafungui mlango. Waya ulikuwa mzima, paswedi ilikuwa sahihi, na kompyuta zote tatu za chumba kile zilikataliwa vilevile.

Kilichobaki ni kwenda kuitazama kompyuta yenye folda yenyewe, na huko ndiko fundi alikokuwa akikwepa. Kompyuta ile ilikuwa ya mjomba wake.

Ofisini walimwita Rula. Zamani za karatasi, ramani zote za nyumba zilikaa kwenye makabati nyuma ya kiti chake. Aliyetaka ramani alipiga hodi, akasema shida yake, na Rula akainuka mwenyewe kuitoa. Hakuna aliyethubutu kuvuta droo. Kompyuta zilipokuja, folda ya ramani ikawekwa kwenye mashine yake bila hata kujadiliwa, na watu wakaendelea kupiga hodi. Meneja alikuwa akiahidi kununua mashine kubwa ya kuwekea kila kitu, lakini ahadi hiyo ilishaota mvi.

Jina la Rula lilitokana na rula yake ya chuma. Hata ramani zilipohamia kwenye kioo cha kompyuta, aliendelea kuiegemeza juu ya kioo na kupima. Vijana walimcheka. "Kompyuta inapima yenyewe, mzee!" Naye aliwajibu, "Kompyuta inapima ilichoambiwa. Mimi napima kilichopo." Hakuna ramani iliyotoka mle kwenda kwa wajenzi kabla hajaipitia na kuiidhinisha.

Fundi alipokuwa akiufikia mlango wa chumba cha pili, mchoraji mpya alimfuata kwenye korido. Alikuwa binti mkimya, mwenye tabia ya kuzungumza huku akiangalia viatu vyake.

"Samahani, fundi. Labda kosa ni langu."

"Lako vipi?"

"Jana nilimwomba mzee aniruhusu kuingia kwenye ramani ya ngazi za zahanati. Akasema hakuna haja ya kukuita, ataniwekea ruhusa mwenyewe. Leo hakuna anayeingia."

"Ulitaka kufanya nini humo? Si ameshaiidhinisha?"

Binti akakitazama kiatu kimoja, kisha cha pili. "Nina nakala niliyoichapisha kabla haijafungwa. Kidato cha mwisho, kile cha juu kabisa, naona kirefu kuliko vingine. Mtu akipanda na mgonjwa mgongoni, pale atajikwaa. Labda sijui kusoma vipimo. Nani mimi wa kumkosoa Rula?"

Fundi hakujua kusoma ramani, lakini ngazi alizijua. Mguu hupanda kwa mazoea. Ukikutana na kidato kisicholingana na vingine, unajikuta chini kabla hujajua kilichotokea. Alimwambia binti amsubiri, akapiga hodi.

"Karibu, mpwa wangu," alisema mjomba kabla mlango haujafunguka. "Nimekujua kwa unavyoburuta soli. Mama yako alikuwa akikusema kwa hilo."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wamekutoa jasho, eh? Keti, keti. Nimeisikia sauti ya mama meneja mpaka huku."

Fundi aliketi karibu yake. Mwanga wa kioo ulikuwa mkali hadi ukamwumiza macho, na mshale wa mausi ulikuwa mkubwa kama kidole gumba. Aliona, akafikiri ni mambo ya uzee, akapita. Alifungua ukurasa wa ruhusa za folda, ule wenye majina upande mmoja na visanduku vya kutia tiki upande mwingine: safu ya kwanza ya kuruhusu, safu ya pili ya kukataa. Kwenye mstari wa 'kila mtu' tiki zote zilikuwa zimejipanga kwenye safu ya pili.

Hapo mambo yalikuwa wazi. Kukataa kuna nguvu kuliko kuruhusu. Ukishamkataza kila mtu, hata uwape ruhusa mmoja mmoja kwa majina yao, ni kutwanga maji tu. Tiki zile haziji zenyewe, ni lazima mkono wa mtu uziweke.

Damu ilimchemka. Alifunga mlango, akateremsha sauti.

"Mjomba, umewafungia watu makusudi?"

"Nimefunga nini?"

"Folda. Binti ameuliza juu ya ramani yako, wewe ukaona anakudharau, ukafungia ofisi nzima. Mama akijua, leo hii unamwaga unga. Na mimi niliyeletwa hapa na wewe nitamwambia nini?"

Mjomba aligeuza uso taratibu. Alikuwa ameumia, na wala hakuficha. "Mimi ndiye niwafungie watu kazi? Mimi niliyekulea ndiye unayenifikiria hivyo? Yule mtoto aliniomba, nikaona nisimpe yeye peke yake, nikawafungulia wote. Nimetia tiki kila mahali. Tazama mwenyewe."

"Natazama. Niambie wewe unaona nini."

Mjomba akachukua rula yake, kama alivyofanya maisha yake yote mtu alipombishia. Akaiegemeza kwenye kioo. "Hizi hapa. Safu ya kuruhusu. Zote zimejaa."

Rula ilikuwa imelala pembeni ya ukurasa wenyewe, mahali pasipo na safu wala tiki wala herufi hata moja. Ilikuwa inapima picha ya maua iliyopamba kioo.

Hasira yote ilimtoka fundi, na ilipotoka ilimwachia hofu. Aliukumbuka mshale mkubwa. Aliukumbuka ule mwanga mkali, na jinsi mjomba alivyoacha kutembelea jamaa tangu mvua zilipoanza, eti magoti. Na yeye, mpwa, amekuwa akimtania kwa simu kwamba amekuwa bibi harusi, hatoki nje.

"Mjomba," alisema hatimaye, "tangu lini?"

Rula ikateremka taratibu kwenye kioo, ikatua mapajani.

"Giza linakuja kutoka pembeni," alisema mjomba. "Kama moshi. Katikati bado naona kidogo, asubuhi. Daktari aliniambia niache kazi ya macho. Nikajiambia, ramani hizi nazijua kichwani, nyingi nimezichora mimi. Nikimaliza hii ya zahanati, nitasema. Kila siku najiambia, nikimaliza hii."

"Binti anasema kidato cha juu ni kirefu."

"Kidato gani?"

"Cha mwisho. Amekiona kwenye nakala."

Midomo ya mjomba ilihesabu kimyakimya, akipanda ngazi zile kichwani, na fundi aliona kabisa mahali alipofika juu na kukwama. Uso ulimshuka. Hakusema kwamba binti amekosea.

Meneja aligonga mlango bila kuingia. "Fundi! Kuna habari?"

"Dakika moja, mama. Nimeliona tatizo."

"Ni nini?"

Fundi alimtazama mjomba. Jibu lilikuwa tayari ulimini, jibu dogo la uongo ambalo hakuna mtu angelichunguza. Mashine imezeeka, mama. Meneja angeondoka, folda ingefunguka, ramani ingekwenda kwa wajenzi na idhini ya Rula juu yake, na mjomba angeendelea kula mkate wake. Na siku moja mtu asiyemjua angepanda ngazi zile na mgonjwa mgongoni.

"Nakuja kukueleza," alisema.

Hatua za meneja zilipopotea, fundi aliziondoa tiki za kukataa, moja baada ya moja. Alimtilia binti ruhusa ya kurekebisha ramani. Kisha akafika kwenye mstari wa mjomba, palipoandikwa haki zote: kufungua, kurekebisha, kuidhinisha. Alitamani kurudi chini ya meza na waya wake.

"Umefika kwangu?" mjomba aliuliza.

"Nimefika."

"Nikiachiwa, nitaendelea. Najijua. Kesho nitapata sababu nyingine." Alinyoosha mkono, akapapasa meza mpaka akaupata mkono wa mpwa wake juu ya mausi. Kiganja kilikuwa kikavu na baridi. "Nipeleke ilipo tiki ya kuidhinisha. Niitoe mwenyewe."

Fundi alipeleka mshale. Kidole cha mjomba kilikaa juu ya kidole chake kwa kitambo, kisha kikabonyeza.

Kelele za furaha zilitoka chumba cha kwanza. "Imefunguka!" meneja alipaza sauti. "Rula, wewe ni mtu wa maana sana! Tusingekuwa na wewe tungefanyaje?"

Mjomba alicheka kile kicheko chake cha siku zote, kilichozoeleka ofisini kote. Machozi yalikuwa yakimshuka.

"Mwite yule binti," alisema. "Kabla mama hajatuma chochote."

Fundi alifungua mlango. Binti aliingia kwa hatua laini za mtu anayetarajia kukaripiwa, akasimama kushoto kwa kiti. Mjomba aliinuka. Aliifuta rula kwa pindo la shati lake, upande mmoja, kisha wa pili, akainyoosha upande wa kulia, kwenye hewa tupu.

"Chukua, mwanangu. Anza na kidato kile cha juu."

Binti aliitazama rula, akamtazama fundi, na mkono wake ukaenda mdomoni. Kisha akavua viatu, akazunguka nyuma ya kiti bila kutoa sauti, mpaka akafika pale rula ilipokuwa ikimsubiri.