Kodi ya Kiherehere

Mama Tanuri alikuwa mkono wa birika, na hilo hakulikana hata siku moja. Mkate wake ulikuwa mtamu, ila ukimwomba akuongezee kipande alikutazama kama umemwomba figo. Alianza kuoka kwa jiko la mkaa na sufuria iliyofunikwa kwa bati, mumewe akiwa ameshakwenda kutafuta maisha kwingine na mke mwingine. Baada ya miaka mingi ya kumtangulia jogoo kuamka, akawa na matanuri mawili, gari la kusambazia mikate, na kiuno kilichomuuma kila mvua ikikaribia. Ndipo alipofungua tanuri la tatu.

"Nimefungua tanuri," alipenda kusema, "na serikali nayo ikafungua mdomo."

Mwaka huo ilitungwa kodi mpya. Jina lake la kwenye makaratasi lilikuwa Mchango wa Mshikamano, na ilimhusu kila mfanyabiashara aliyevuka matawi mawili. Mwenye duka moja anayelala mchana kutwa hakuguswa. Aliyeongeza la tatu alipandishiwa kodi ya yote matatu, utadhani hilo la tatu limewaambukiza wenzake. Sokoni watu waliiita kodi ya kiherehere. Mama Tanuri aliandika barua ya kupinga, akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Akaacha kulipa ile nyongeza huku akisubiri jibu lenyewe.

Wakati akisubiri, yakazuka mambo ya shemeji yake.

Shemeji huyu alikuwa mume wa marehemu mdogo wake. Mtaani walimwita Mstaarabu. Alikuwa wakala wa bima, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, asiyepita mbele ya mtu bila kusema samahani. Kwenye misiba ndiye aliyekabidhiwa michango, na kwenye mikutano ya mtaa ndiye aliyefungua kwa maneno ya busara. Mkewe alipofariki alibaki na binti yao wa miaka tisa, waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama ndogo shavuni, na watu wakamsifu kwa kumlea peke yake. Mama Tanuri naye alimsifu. Alikuwa na mikate ya kuangalia, na mtu akikuambia mtoto hajambo, unashukuru na kuendelea na yako.

Mchana mmoja Kidoti alitumwa mkate. Mama Tanuri alimnyooshea, mtoto akapokea kwa mkono wa kushoto.

"Tangu lini unapokea kwa kushoto, wewe?"

"Huu mwingine umelala, mama mkubwa."

"Umelala tangu lini?"

"Tangu juzi."

Mama Tanuri akapandisha sweta. Mkono ulikuwa umevimba kama mkate uliozidiwa hamira, na juu ya ule uvimbe palikuwa na michirizi ya waya wa pasi, mingine mibichi, mingine imeshakauka na kuacha makovu. Hakuuliza nani. Alivua aproni, akampakia mtoto mbele ya gari la mikate, akaenda naye hospitali. Daktari aliitazama picha ya mkono, akasema mfupa umevunjika, na karibu yake pana mahali palipowahi kuvunjika zamani pakaunga penyewe, vibaya.

"Penyewe?"

"Hakuletwa," alisema daktari.

Kutoka hospitali walikwenda polisi. Habari zina miguu. Jioni kaka yake mkubwa alikuwa ameshafika, amesimama sebuleni, na kiti alichosogezewa akakikataa.

"Umemwanika shemeji yako," alisema. "Mambo ya ndani humalizwa ndani."

"Yalikuwa ndani siku zote, kaka. Ndiyo maana mfupa umeunga vibaya."

"Yule ni mtu wa heshima. Kafiwa, ana mawazo. Hicho kiherehere chako kitakuponza."

"Kimeshaniponza. Nadaiwa kodi yake."

Kaka aliondoka bila kuaga. Wiki ile ile wito wa mahakama ukafika, na kumbe jibu la ile barua ya kodi ndilo hilo.

Ikatokea, kwa vile mahakama ni moja na hakimu ni mmoja, kesi zote mbili zikapangwa asubuhi moja. Mama Tanuri aliketi kwenye benchi lililotegemezwa kwa tofali, miguu imemfa ganzi. Hakimu alikuwa na mafua. Mbele yake karani aligonga mihuri kwa bidii ya mtu anayeua nzi.

Shemeji alikiri kosa, tena alikiri kwa adabu iliyowafurahisha wote. Aliinama kabla ya kusema na baada ya kusema. Wakili wake akaeleza kwamba mteja wake ni mgane, mzazi wa peke yake, mlipa ada zote kwa wakati, na kwamba siku hiyo mtoto alikuwa amevunja bilauri mbili. Hakimu aliandika hata zile bilauri. Halafu akasoma hukumu: mahakama imezingatia kwamba hili ni kosa lake la kwanza, na kwamba hakuipotezea muda. Akampa kifungo cha nje cha mwaka mmoja, na ndani ya mwaka huo afanye kazi za jamii. Akamwonya asirudie, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mgeni kurudishia mlango.

Ikaja zamu ya Mama Tanuri. Faili lake lilikuwa nene kuliko la mtoto. Afisa wa kodi, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alieleza kwamba mshitakiwa alijua, alielimishwa, alikumbushwa, na bado akakaidi. Hapo ndipo hakimu alipokaa sawasawa kwenye kiti. Alisema kodi ndiyo inayojenga hospitali na shule, na anayeikwepa huwa amemwibia kila mtoto wa nchi hii. Mahakama haiwezi kulifumbia macho jambo kama hilo. Alipe deni lote pamoja na faini inayolingana nalo, na akishindwa aende jela mwaka mmoja, wa ndani. Tanuri la tatu lifungwe kwa lakiri mpaka atakapomaliza.

"Una la kusema?"

"Swali moja, mheshimiwa. Ule mkono wa mtoto ungekuwa mali ya serikali, shemeji angefungwa?"

Nyuma mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Hakimu akapenga kamasi taratibu, akakunja leso, akaongeza faini nyingine, ya kuidharau mahakama. Kwa hiyo siku ile Mama Tanuri alitoka pale akiwa ndiye mhalifu mkubwa kuliko wote katika ukoo wao.

Mstaarabu alimsubiri kwenye ngazi.

"Pole sana, shemeji," alisema. "Ndiyo hivyo, sheria ni msumeno."

Mama Tanuri alimkagua kuanzia viatu mpaka fundo la tai. "Na wewe umekukata wapi?"

Mstaarabu alisema samahani, akampisha apite.

Angalau mtoto alibaki kwake. Ofisi ya ustawi wa jamii ilisema abaki kwa muda, ingawa hakuna aliyejua muda huo ni upi. Alilala chumba cha pili, taa ikiwaka, na Mama Tanuri, ambaye aliwahi kumfukuza mpangaji kwa kusahau taa ya choo, hakuizima.

Sasa, karatasi ya mahakama ilisema kazi za jamii zifanyike katika taasisi ya umma iliyo karibu na makazi ya mhusika. Taasisi iliyokuwa karibu na makazi ya Mstaarabu ni shule ya msingi. Hakukuwa na nyingine. Jumatatu akatokea pale na tai yake, akapewa fagio, akaanza kufagia madarasa huku akiwasalimu walimu mmoja mmoja.

Kabla ya saa nne Kidoti akawa hayupo darasani. Mama Tanuri alimkuta kwenye stoo yake ya unga, nyuma ya magunia, amekuwa mweupe kwa unga mpaka kope.

"Kuna nini, mama?"

"Baba anafagia darasani kwetu. Ameniambia hujambo."

Mama Tanuri alikwenda shuleni na aproni yake. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alionekana hajalala vizuri.

"Mimi nimeletewa karatasi yenye mhuri," alisema.

"Na ungeletewa chui mwenye mhuri?"

"Ningemsainia." Kisha akavua miwani. "Sijapenda, dada yangu. Lakini nikipinga naandika barua kwa ustawi wa jamii, wao waiandikie mahakama."

"Halafu mnajibiwa imepokelewa."

"Nimeshajibiwa."

Alirudi akikanyaga kwa hasira. Njiani alijaribu kupiga hesabu ya faini, akashindwa, maana kila akifika kwenye jumla alimwona yule mtoto kwenye unga. Alipofika alimwita msimamizi wa matanuri na kumwambia kesho hawaoki. Msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Katika miaka yote aliyomfahamu, mwanamke huyu alikuwa ameoka siku ya kumzika mama yake.

Asubuhi watu walikuta milango imefungwa, na mwenyewe amekaa nje juu ya kreti.

"Hakuna mkate?"

"Hakuna."

"Ni ile kodi?"

"Kodi ni yangu na nitailipa. Nendeni shuleni mkaangalie anayewafagilia watoto wenu. Mnajua alichomfanyia wake. Mkirudi, tutaongea habari ya mkate."

Wengine walimtukana. Muuza chai wa kona alimwambia kwamba anawakomoa wasiohusika, na Mama Tanuri akakubali kwamba ndivyo. Lakini akina mama walikwenda. Walisimama getini na mitandio yao, wakamwona Mstaarabu akiegemeza fagio ili awape salamu ya asubuhi, na mmoja wao, fundi cherehani ambaye mumewe alikatiwa bima na mtu huyo huyo, akaingia darasani akamshika mwanawe mkono wakatoka. Wa pili akafuata. Kufikia saa sita shule ilikuwa na mwalimu mkuu, kengele, na Mstaarabu, naye aliendelea kufagia.

Siku ya pili hospitali, ofisi ya kodi na mahakama zilikunywa chai tupu. Karani akaenda mwenyewe kwa Mama Tanuri kuuliza kulikoni, akaelezwa. Kwa kuwa alikuwa na njaa na haraka, akaitafuta barua ya mwalimu mkuu, akaikuta chini kabisa ya rundo, akaipandisha mezani kwa hakimu. Siku ya tatu Mstaarabu alihamishiwa kufyeka majani kwenye maghala ya idara ya barabara, mahali ambapo hakuna mtoto, na mkate ukarudi. Fundi cherehani na wenzake hawakuridhika. Waliifuata ofisi ya mwendesha mashtaka, na ofisi hiyo, ikiona kundi la wanawake uani kwake lisilo na dalili ya kuondoka, ikakumbuka kwamba inaruhusiwa kukata rufaa.

Mahakama ya juu ilikuwa na jaji mwanamke, mzee, asiye na mafua. Hakuuliza habari za bilauri. Aliinua ile picha ya mkono akaitazama kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu.

"Huu mvunjiko wa zamani ni wa mwaka gani?"

"Samahani, mheshimiwa," alisema Mstaarabu. "Sikumbuki."

Jaji alimpa miaka saba jela. Mstaarabu akainama, kwa mazoea, na askari akamshika bega ili ainuke.

Kaka mkubwa hakuomba msamaha. Alikuja siku moja kununua mikate miwili, akalipa bei kamili bila kudai apunguziwe, na Mama Tanuri akaelewa kwamba huo ndio mwisho wa maneno.

Kodi aliilipa. Aliuza gari la mikate, akakopa kwa fundi cherehani, akamaliza deni na faini zote mbili. Watu walimshauri alifunge kabisa tanuri la tatu ashushiwe kiwango cha kodi, na usiku mmoja nusura akubali. Asubuhi akaenda kulibandua lakiri, akaliwasha. Kisha akaenda ofisi ya kodi kuuliza kama ile nafuu ya mlezi, inayotolewa kwa anayetunza mtoto, inaweza kumpunguzia chochote. Yule kijana wa kalamu tatu alitafuta kwenye kompyuta, akakuna kichwa.

"Nafuu ya mtoto huyu inachukuliwa na baba yake, mama. Kila mwaka. Mwaka huu pia ameshaidai."

"Baba yake yuko jela."

"Mfumo hauna sehemu ya jela."

Alisema kwa huzuni ya kweli, na akaahidi kuandika barua. Mama Tanuri akamwambia asijisumbue.

Mtoto alipotolewa plasta ngumu ya mkono, daktari alisema mkono unahitaji kazi ili upate nguvu. Basi jioni Kidoti alipandishwa juu ya kreti akakanda unga pamoja na wanawake wa zamu. Wiki ya kwanza alilalamika. Wiki ya pili akauliza wenzake wanalipwa nini. Jumamosi Mama Tanuri akamwekea mezani sarafu tano, akaifikiria ile ya tano, akairudisha mfukoni kwake.

"Hiyo ni ya nani?" mtoto aliuliza.

"Ya serikali. Kila anayepata, anakatwa."

"Serikali inaifanyia nini?"

Angeweza kusema hospitali na shule, kama hakimu. Lakini alikuwa amechoka, na ulimi ukamtangulia.

"Sasa hivi inamlisha baba yako."

Alijuta hapo hapo. Wanawake wa zamu wakaacha kukanda. Kidoti aliziangalia sarafu zake nne, akachagua moja, akaisukuma kwa kidole chenye unga mpaka ikafika upande wa pili wa meza.

"Wape na hii," alisema. "Waendelee kumlisha huko huko."

Mama Tanuri aliiacha pale pale. Akafungua mlango wa tanuri kuangalia mikate ambayo ilikuwa haijaiva, akainama hapo kwa muda, joto likimpiga usoni.