Mwanamke wa Birika na Beseni

Haya alinieleza Frida mwenyewe, Ijumaa ya juzi, tukichambua dagaa barazani kwangu Ujiji. Macho yake yalikuwa kwenye ungo tu.

Akina mama wa kwaya walikwenda kuangalia nyumba ya marehemu Mzee Gervasi, mbunge wa enzi za uhuru, ambayo wanawe wameifanya makumbusho. Frida alitangulizwa mbele kama bibi harusi. Miaka yote alikuwa akiwaambia wenzake kwamba mama yake alikulia humo, binti wa ndugu yake mbunge.

Sebuleni wakakuta picha ukutani: wakubwa wamekaa mezani, na mwanamke amepiga magoti, birika huku, beseni huku, anawanawisha. Chini pameandikwa: Mtumishi, jina halijulikani.

"Hakuna anayemjua huyu jamani?" akauliza Mwalimu Elikana, mstaafu anayetembeza wageni.

Stephania, mwenzake wa kwaya, akampiga Frida kiwiko, anacheka. "Muulize huyu, mwenye nyumba! Sisi wengine tumekuja kushangaa tu."

Frida akakitazama kidole gumba kilichopinda pale kwenye birika. Kilimsuka nywele utoto wake wote.

"Simfahamu," akasema.

Wakaenda kula samaki wa migebuka ufukweni. Frida akaliacha tonge sahanini. Akasingizia kasahau mtandio, akarudi peke yake.

"Mwalimu, yule ni Regina. Mama yangu mzazi. Alikuwa mtumishi humu."

"Sasa mama, mbona asubuhi ulimkana?"

"Asubuhi nilikuwa mtu wa ukoo."

Elikana hakucheka. Akatoa kalamu, akakata yale maneno, akaandika Regina. Frida kugeuka, Stephania huyo mlangoni, mtandio mkononi.

"Ulikuwa umeukalia," akasema. Basi. Wakaongozana mpaka Rusimbi kwa Frida, ambako Stephania angelala, maana kwao Kidahwe ni mbali.

Ugali ulipoiva, Frida akachukua birika amnawishe mgeni. Stephania akamnyang'anya.

"Kaa chini, mtoto wa Regina. Leo nanawisha mimi."

Akapiga magoti kabisa, na miguu yake ile mibovu! Frida hakujua ni utani au ni msamaha, na kuuliza aliogopa. Akatoa mikono. Maji yakammwagikia mpaka kwenye kanga.

Stephania alilala upesi, akakoroma. Frida akabaki ubavuni pake, akilitaja jina la mama yake polepole, mpaka usingizi ukamchukua naye.